Wema wa Kule, Ubaya wa Hapa

Siku niliyotoka chuo, mama wa ofisi ya karo aliniita "mwanangu" huku akininyima kadi ya mtihani. Hakunitusi. Alinionyesha kanuni kwa kidole, akanipa pole, akaita anayefuata kwenye foleni. Nilipowasimulia mabeshte, mmoja akaniambia: "Bro, hakuna mbaya hapo. Kila mtu na ukweli wake."

Maneno hayo yalinikera kwa miezi, hadi nikarudia *Kusadikika*, kitabu cha Shaaban Robert cha 1951.

Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, na mshtaki wake ni waziri Majivuno. Karama anajitetea kwa siku sita, akisimulia wajumbe sita waliotumwa pande sita, juu na chini zikiwemo, wakalete mazuri ya nchi nyingine. Kila mmoja alirudi na kitu. Kila mmoja akaishia gerezani.

Wengi hukisoma kama fumbo la ukoloni, na wana haki: mwandishi alikuwa karani wa serikali ya Waingereza Tanganyika. Mimi naona na swali lingine humo. Je, kilicho chema kule kinaweza kuwa chema hapa? Shaaban anajibu ndiyo, bila kutetereka. Na ukichunguza wanaokataa, ni wale walioshika viti. "Sisi tuna mambo yetu" ni maneno matamu sana ukiwa upande wa kufunga watu. Aliye ndani ya seli hayasemi.

Kitabu kinanichosha kwenye majina. Majivuno ni majivuno kabla hajafungua mdomo, na Karama vilevile, kwa hivyo msomaji haachiwi kazi ya kuhukumu. Hata mwisho, mfalme anawaachilia wote kirahisi mno. Ken Walibora alikigeuza chombo hicho katika *Kidagaa Kimemwozea*: mtawala dhalimu anaitwa Nasaba Bora, ikabidi tuangalie matendo yake. Hiyo inakaribia zaidi mtaa ninaoujua. Huku ubaya hauji na kitambulisho.

Mama wa karo hakuwa Majivuno. Alinihurumia, nadhani hata aliniombea. Lakini siwezi kukubali kwamba mle ofisini hakukuwa na ubaya wowote. Ulikuwa kwenye kanuni inayomfukuza aliyelipa nusu kana kwamba hakulipa chochote, na kanuni haina uso wa kumchukia mtu. Sasa naelewa kwa nini kosa la Karama lilikuwa kufundisha sheria. Mtu akishaisoma, anaweza kuuliza kama ni ya haki, na hilo swali haliwezekani kama haki ni mambo ya kila mtu na lake.

Ndiyo maana bado nampendekeza Shaaban kwa vijana wenzangu, pamoja na majina yake yote. Anakudai ushikilie kwamba kuna kitu kinaitwa dhuluma, hata mwenye kuitenda akiwa mpole.

Beshte wangu naye? Wiki iliyofuata konda alimnyima chenji ya shilingi hamsini. Steji nzima ilisikia: "Huu ni wizi!" Nilingoja aseme konda ana ukweli wake. Bado nangoja.