Gazeti la Askari wa Mbao

Upana wake milimita 35, urefu 61, yaani ukubwa wa kiberiti hivi. Ndani mna kurasa 20, na katika kurasa hizo msichana wa miaka 14 alibana maneno zaidi ya 4,000. Ni gazeti, si shajara wala daftari la shule. Lina toleo na mwaka, lina hadithi, na lina hata matangazo ya biashara. Mwaka ni 1830, mahali ni nyumba ya mchungaji wa kanisa katika kijiji cha Haworth, kaskazini mwa Uingereza. Mhariri, mwandishi, mchapaji na mshonaji wa jalada ni mtu mmoja, Charlotte Brontë, ambaye miaka 17 baadaye angetoa riwaya ya Jane Eyre.

Sichoki kutazama picha za kurasa zile. Charlotte hakuandika mwandiko wa kuunganisha aliofundishwa. Alichora herufi moja moja zisimame kama za mtambo wa kuchapa, ndogo kiasi kwamba mtu mzima angetafuta kioo cha kukuzia. Pembezoni hakuacha nafasi ya kuchezea, kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali. Vijitabu vingine vya nyumba ile vilipewa majalada ya karatasi ya kufungia sukari. Hata hivyo ukurasa wa kwanza umetengewa jina la gazeti kwa heshima zote, kana kwamba nafasi si tatizo. Mtoto yule alikuwa amekaa na magazeti ya kweli mikononi mpaka akajua yanavyopumua.

Na kwa nini gazeti lake liwe dogo hivyo? Lilipimwa kwa wasomaji wake. Mwaka 1826 baba yao, Patrick Brontë, alirudi kutoka mji wa Leeds na boksi la askari 12 wa mbao, zawadi ya mwanawe Branwell. Kila mtoto akajichagulia askari na kumpa jina. Wa Charlotte akawa Wellington, wa Branwell akawa Bonaparte, na wadogo zao Emily na Anne wakapata wao. Askari wakahitaji nchi. Watoto wakawatafutia moja kwenye pwani ya Afrika Magharibi, wakajenga humo Mji wa Kioo (sisi wa bara hili tungekuwa na maswali kadhaa kuhusu jiografia ile, ila tuyaache). Mji ukapata wakubwa, ugomvi wa kisiasa, washairi wenye wivu. Sasa mji wenye mambo yote hayo utakosaje gazeti? Na askari mwenye mkono mfupi kuliko kidole atashika gazeti la ukubwa gani?

Hapo ndipo ninapoona ufundi wenyewe. Watu wengi wanaotaka watoto wao wapende kuandika huanza na mada: andika kuhusu likizo yako, andika kuhusu rafiki yako. Mtoto anaangalia dari. Pale Haworth kazi ilianzia kwa mwanasesere mwenye shida, na karatasi ikaja kumtatulia shida hiyo. Mzee Patrick alileta boksi, akaacha magazeti yake yasomwe na watoto, akabishana nao habari za wanasiasa, basi. Vijitabu havikuandikwa ili yeye avikague.

Shuleni ni habari nyingine. Kenya, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliodumu tangu 1985 hadi 2023 ulimpa mtoto dakika 40 aandike insha ya alama 40. Silaumu mtihani, mtihani lazima upime. Lakini mtoto hujua mapema kinachomfurahisha msahihishaji: jua lichomoze, ndege waimbe, methali mbili zipachikwe kabla ya mwisho. Tabia hiyo ikiingia nyumbani, hadithi zote zitaanza alfajiri.

Kushona nyumbani kijitabu kama cha Haworth ni kazi ya dakika chache, nami huifanya polepole makusudi ili mtoto aone. Daftari za mwaka uliokwisha huwa na kurasa nyeupe nyuma. Zikate vipande, vikunje katikati, viingize kimoja ndani ya kingine. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Sindano ianzie ndani, itokee nje kwa tundu la katikati, irudi ndani kwa tundu la juu, ipite moja kwa moja mpaka la chini na kutoka, kisha iingie tena katikati. Ncha mbili za uzi zitakutana hapo, moja kila upande wa ule uzi mrefu, na fundo moja litabana kila kitu. Mtoto akishika kitu chenye mgongo na jalada, hakuulizi tena aandike nini. Anauliza ni cha nani.

Cha mpwa wangu wa Mbeya kilikuwa cha dereva. Ana lori la waya, magurudumu ya visigino vya ndala, na lori lile huenda Dar es Salaam kila siku kwa kuzunguka nyumba. Nilimwambia tu kwamba dereva wa masafa hasafiri bila daftari la safari. Akaniangalia, akaenda kukaa chini ya mwembe. Niliporuhusiwa kusoma nilikuta Makambako wamekula chipsi mayai, kwenye mzani wamechelewa kwa sababu ya “mtu mwenye kofia”, na Mikumi usiku tembo “amerala” barabarani wakasubiri aamke.

Mama yake aliona lile “amerala” akanyoosha mkono kutafuta kalamu nyekundu. Nikamwambia, dada, subiri. Nikamsimulia kijitabu kingine cha Charlotte, cha mashairi kumi, cha mwaka 1829 alipokuwa na miaka 13. Jaladani aliandika kwamba kimechapwa na yeye mwenyewe na muuzaji hayupo, na neno la Kiingereza la mashairi akalikosea herufi palepale kwenye jina la kitabu. Mwaka 2022 kiliuzwa New York kwa dola milioni 1.25, kikarudishwa Haworth na kosa lake. Dada akacheka, akasema hiyo dola aione kwanza. Ila kalamu aliirudisha, na lile neno wakaja kulifanyia kazi siku nyingine, kwenye daftari la shule.

Mwenye lori yeye alikuwa na dai tofauti kabisa. Alitaka kijitabu cha pili, kidogo kuliko cha kwanza.

“Cha nani tena, baba?”

“Cha utingo, mjomba. Yeye anasema tembo alikuwa macho, ila dereva ndiye aliyelala.”