"Sawa" ya Lini? Tahakiki Fupi ya Taarifa ya Git

Tukisema tahakiki, wengi hufikiria riwaya, tamthilia na ushairi. Safari hii tunatahakiki matini ya mistari michache tu: taarifa inayotolewa na amri ya git status. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ni mfumo wa kuhifadhi matoleo ya kazi, nasi tunautumia kuandalia miswada ya mihadhara.

Kwanza tuipe sifa yake. Taarifa hupanga mafaili katika mafungu matatu: mabadiliko yaliyokwisha kuandaliwa ili yaingizwe katika kumbukumbu, mabadiliko ambayo bado hayajaandaliwa, na mafaili mapya ambayo mfumo haujaanza kuyafuatilia. Kila fungu huambatana na dokezo la amri ya kutumia. Subversion, iliyoanza mwaka 2000, hutoa alama tu: M kwa faili lililobadilishwa, alama ya kuuliza kwa faili lisilofuatiliwa. Mwanafunzi mgeni huduwaa.

Dosari imo katika sentensi moja, ile inayosema kuwa tawi lako liko sawa na tawi la kwenye seva. Kwa hakika amri hii haiulizi seva chochote. Hulinganisha na habari zilizoletwa mara ya mwisho, pengine wiki iliyopita. Sisi tuliiamini. Tulichapa muswada wa ngeli tukawagawia wanafunzi, kumbe mwenzetu alikwisha kurekebisha jedwali la upatanisho siku mbili kabla. Wanafunzi wetu hapa Uganda, ambao wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, hawana sikio la mzawa la kuwaonya. Walijifunza kosa lililokwisha kusahihishwa.

Kwa maoni yetu, kosa la taarifa hiyo ni la njeo. Jambo la jana limeelezwa kama la sasa. Kiswahili kinaweza kulisema barabara: tawi lako lilikuwa sawa ulipoleta habari mara ya mwisho. Subversion, pamoja na ufupi wake wote, haidai hivyo. Hunyamaza kuhusu seva mpaka amri iongezewe -u.

Hivyo tunapendekeza mambo mawili. Kabla ya kusoma taarifa, tutoe kwanza amri ya git fetch. Na wanafunzi watakaofasiri ujumbe wa programu wasifuate neno kwa neno; waulize kwanza: hali hii ni ya lini?