Sera ya Ubunifu na Fundi wa Kariakoo

Makada wengi vijana hudhani kwamba Chuo Kikuu chetu kilizaliwa Mlimani. Sivyo. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mbele yao vilikuwa viwanja vya Mnazi Mmoja, nyuma yao Kariakoo. Mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani. Hatusemi kuhama kulikuwa kosa, kwani maelfu ya wanafunzi wasingeenea Lumumba. Tunasema kwamba elimu ilipopanda kilima iliwaacha mafundi chini, na kwamba sera zetu za sayansi, teknolojia na ubunifu zimeendelea kuandikwa na mtu aliyesimama juu akitazama chini.

Vyombo hatukukosa. Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi liliundwa mwaka 1968. SIDO na Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Kisha TIRDO mwaka 1979, TEMDO mwaka 1980, CAMARTEC mwaka 1981, na Tume ya Sayansi na Teknolojia mwaka 1986. Mpango wa vyombo hivyo ulikuwa uleule: wazo litoke kwa mtaalamu, taasisi itengeneze mfano, kiwanda kizalishe. Hatua mbili za kwanza zilifanyika mara nyingi, na nyingine kwa ustadi mkubwa. Ya tatu ndiyo iliyotushinda. Viwanda vyenyewe vilikuja vikiwa vimekamilika kutoka nje, kama kile cha nguo cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China mwaka 1968, mashine na michoro yake pamoja. Mvumbuzi wa Arusha angeingilia mlango gani katika kiwanda cha namna hiyo? Hivyo mfano ulibaki mfano, ukapigwa picha siku ya Sabasaba na kurudishwa ghalani.

Matunda ya mtazamo huo yanaonekana Jangwani. Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi, 140 kwa hesabu, yote yakiwa yameundwa China. Maegesho na karakana yake vikawekwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, mahali ambapo miaka michache tu nyuma, Desemba 2011, mafuriko yaliua watu na wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2018 maji yakaingia karakanani na kuharibu mabasi. Sasa bonde hilohilo linatengenezwa kwa mradi ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Wataalamu wenye shahada walikuwapo. Na wakazi wa Magomeni na Jangwani, ambao wamehamisha magodoro yao masika baada ya masika, nao walikuwapo. Mzee wa Magomeni hawezi kukokotoa nguzo za daraja, wala hatumtaki afanye hivyo. Lakini kimo cha maji anakijua, maana alama yake iko ukutani kwake.

Tuje Kariakoo kwenyewe. Kutoka lango la Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, hadi karakana za Gerezani ni mwendo wa miguu usiofika nusu saa. Mwendo huo ni mfupi kwa miguu na mrefu sana kwa sera. Upande mmoja yupo kijana anayesoma saketi kwa Kiingereza, mara nyingi akiishika kwa dakika chache kwa sababu vifaa ni haba. Upande wa pili yupo kijana anayefungua simu kutwa nzima, analehemu waya mwembamba kama unywele kwa mkono usiotetemeka, na anafundisha wanagenzi wake wawili kwa Kiswahili. Wa kwanza ana nadharia isiyo na kazi, wa pili ana kazi isiyo na nadharia. Tusimpambe fundi kwa sifa za bure: mara nyingi anajua kwamba kifaa kimekufa bila kujua kwa nini, haandiki anachogundua, na siku akiugua karakana inafungwa pamoja na maarifa yake. Huu ni mgawanyiko wa kazi ya akili na kazi ya mikono, na ni adui wa zamani wa Chama chetu.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilimwona adui huyo. Liliamua kwamba kijana afanye kazi kwanza, kisha aende Chuo Kikuu, akiwa amependekezwa na wenzake kazini na na Chama. Swali lilikuwa sahihi. Jibu, hatuna budi kujikosoa, tuliligeuza kuwa fomu. Tawi likagonga muhuri, mwajiri akatia sahihi, na kijana aliyekaa miaka miwili akipanga majalada akahesabiwa kuwa amejifunza uzalishaji. Utaratibu ukalegezwa hatua kwa hatua hadi ukatoweka, bila mjadala wa maana juu ya kilichokuwa kimekosewa.

Leo tunarudia kosa hilo kwa mapambo mapya. Tangu mwaka 2019 yapo Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na ni haki kukiri kwamba yamefungua mlango kwa wabunifu wasiopita chuoni. VETA nayo hupima na kutambua ujuzi uliopatikana mitaani. Hizo ni hatua mbele. Lakini tuzo hununua hotuba, hainunui mashine ya 2. Julai 2025 Serikali ilizuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, ukarabati wa simu ukiwamo. Tunaunga mkono, ila kumkinga fundi bila kumwinua ni kumfungia na simu za wengine, atengeneze milele asichokiunda kamwe. Vilevile Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana. Vema. Kijana akipewa zabuni ya madawati akayatengeneza Gerezani, ujuzi umeongezeka nchini. Akipewa zabuni ya kompyuta akaziagiza Dubai, tumeongeza mchuuzi mmoja.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo lililo dogo kwa gharama. Muhula mmoja wa mwanafunzi wa uhandisi ufanyike Gerezani au Aggrey, uhesabiwe katika alama zake, na fundi anayempokea alipwe kama mwalimu. Kabla ya kuondoka, mwanafunzi aache michoro ya chombo kimoja anachotengeneza fundi huyo, vipimo vyote vikiandikwa kwa Kiswahili. Halmashauri inayohitaji chombo hicho itangaze zabuni kwa michoro hiyo. Tawi la Chama la mtaa liulizwe kila mwaka ni vyombo vingapi vimenunuliwa, na jibu lisomwe mbele ya mafundi.