Fadhila za Mikono Minne

Miongoni mwa sanaa ambazo watu huzitumia bila ya kuzishukuru, iko moja isiyokuwa na duka wala cheti, nayo ni sanaa ya kubuni kichezeo ambacho mzazi na mtoto mdogo watakiunda pamoja. Katika vichochoro vya Tandale, Dar es Salaam, kuanzia eneo la Kwa Mtogole hata kandokando ya soko la nafaka, sanaa hii hufanyika vibarazani jua likishapunga, kwa vitu ambavyo wengine wamekwisha kuvitupa: boksi la juisi, mrija, vijiti vya mishikaki, uzi, na ndala iliyokatika gidamu. Humo hutoka gari. Na mwenye kulitazama kwa dharau na ajue kwamba hesabu zake ni hesabu za kweli.

Ndala hukatwa duara nne kwa kufuatisha mdomo wa kikombe cha kahawa, na kila duara hutobolewa katikati kwa msumari uliotiwa moto jikoni. Vipande viwili vya mrija hufungwa kwa uzi chini ya boksi, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kijiti hupitishwa ndani ya kila kimoja, kisha magurudumu yakachomekwa katika ncha zake. Siri iko hapo: tundu la ndala sharti liwe jembamba, likibane kijiti, na mrija sharti uwe mpana, kijiti kizunguke ndani yake bila ya kukwama. Tundu likipanuka, gurudumu huyumba na kuchomoka. Mrija ukibana, gari huburutwa, haliendi.

Lakini hesabu hizo ni nusu tu ya ustadi. Nusu ya pili ni ugawaji wa kazi. Kisu na msumari wa moto ni vya mzazi bila ya mjadala, na ni yeye wa kuzisugua ncha za vijiti sakafuni mpaka ziwe butu, kwani kilicho chema kwa gurudumu chaweza kuwa dhara kwa jicho. Kuchomeka gurudumu ni kwa mtoto wa miaka minne, maana ndala ni laini. Kupitisha kijiti ndani ya mrija ni kwake pia, hata akikosa na kukosa tena. Na kuamua kama gari ni daladala ya Manzese au lori la mahindi ni kwake peke yake, wala hapokei rufaa.

Kwa hiyo mbunifu mwema hujulikana kwa kazi alizoziacha makusudi. Mzazi hodari wa mikono, aghalabu, hulimaliza gari lote kwa haraka na kumgeuza mwanawe mtazamaji. Na mzazi mvivu humwachia mtoto kazi iliyomzidi, akamfundisha kukata tamaa mapema. Baina ya ila hizi mbili ndipo sanaa inapokaa.

Fikira hii ya kumwachia mtoto kazi anayoiweza ina wajuzi wake hata mbali. Frank Hornby, karani wa Liverpool, aliwatengenezea wanawe vipande vya chuma vyenye matundu ya nafasi sawasawa, ili kipande chochote kikubaliane na kingine, akapata hataza mwaka 1901, na kichezeo hicho ndicho kilichokuja kuitwa Meccano. Kampuni ya vichezeo ya LEGO ya Denmark, iliyotokana na karakana ya seremala Ole Kirk Christiansen, ilitoa mwaka 1969 matofali ya kuchezea ya Duplo, maradufu ya yale madogo ya kawaida kwa urefu, upana na kimo, yaliyopimwa kwa hikima hata yakashikana nayo, mkono mdogo na mkono mkubwa ikaweza kujenga ukuta mmoja. Pwani yetu nayo haikukosa ushahidi: shule za awali za madrasa, zilizoanza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation na kuenea Zanzibar na Uganda, zilivifanya vifuu, makombe na mbegu kuwa vifaa vya kuchezea na kujifunzia, kwa mikono ya walimu na wazazi wenyewe.

Gari la boksi halidumu. Masika yakiingia na maji yakajaa vichochoroni, boksi hulainika na uzi hulegea, na huo ndio wema wake, maana la pili halina budi kuundwa, na katika la pili mtoto hudai kufunga uzi mwenyewe. Katika la tatu huupima mdomo wa kikombe juu ya ndala kabla ya kuambiwa. Hata ifike zamu ya kisu. Basi anayetaka kuipima sanaa hii asiutazame uzuri wa gari. Na aulize ni kazi ipi ya mzazi iliyohamia kwa mtoto tangu gari lililopita. Na kama hakuna iliyohama, mbunifu bado anajichezea mwenyewe.