Wakati Uliofichwa: Turathi ya Ukerewe katika Vitabu vya Kitereza na Hartwig

Kisiwa cha Ukerewe, ambacho msafiri kutoka Mwanza hukifikia kwa meli hadi Nansio au kwa kivuko cha Kisorya na Rugezi, kimeingia vitabuni kwa wingi usiolingana na udogo wake. Ndiko walikotoka Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika, waandishi ambao fasihi ya Kiswahili haiwezi kuelezwa bila kuwataja. Tahakiki hii inashughulikia vitabu viwili vinavyodai kuhifadhi maisha ya kisiwa hicho kabla ya ukoloni: riwaya ya Kitereza ya mwaka 1980, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*, na utafiti wa mwanahistoria Gerald W. Hartwig uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1976, *The Art of Survival in East Africa*. Hoja inayojengwa ni kwamba kila kimoja kina upungufu ambao mwenzake huuziba, na kwamba msomaji anayeishia kwa Kitereza peke yake huchukua karne moja yenye misukosuko akaidhania kuwa mila isiyo na mwanzo.

Historia ya riwaya yenyewe inafahamika. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Abasilanga na kusomeshwa na wamisionari Wakatoliki, alikamilisha muswada kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuuchapisha kwa lugha hiyo. Ilimlazimu kuutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na hata baada ya hapo ulisubiri hadi ulipotolewa na Tanzania Publishing House. Alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Miaka 35 kati ya muswada na kitabu inatajwa mara kwa mara kwa masikitiko, na kwa haki. Lakini masikitiko hayo yamewafanya wahakiki wengi wamwonee huruma mwandishi kuliko wanavyomsoma.

Anapaswa kusomwa. Kisa ni chepesi kusimulia: Myombekere na mkewe Bugonoka hawajajaliwa mtoto, jamaa za mume wanamsema vibaya mke, wazazi wa Bugonoka wanamrudisha kwao, na Myombekere anakataa kumwacha. Anakwenda ukweni kumwomba. Hapo ndipo uwezo wa Kitereza unapoonekana, kwa kuwa safari ya kumrejesha mke haisimuliwi kama tendo moja. Mkwe, Namwero, anadai pombe ya ndizi, na pombe hiyo haiwezi kupatikana kwa siku moja wala kwa mikono ya mtu mmoja. Lazima ndizi zivundikwe, majirani waitwe, vyombo viazimwe, kazi igawanywe, salamu zitolewe kwa utaratibu wake. Mwandishi hafupishi lolote. Msomaji aliyezoea riwaya za mjini huenda akachoka, na uchovu huo una maana yake: anaonja uzito wa deni ambalo mume analilipa. Ndoa katika riwaya hii inapimwa kwa kazi, na upendo wa Myombekere unajulikana kwa kuwa ameifanya kazi yote hiyo kwa ajili ya mwanamke ambaye jamaa zake walikwisha kumhesabu kuwa hasara. Kisha anakuja mganga Kibuguma, na matibabu yanaelezwa kwa subira ileile. Watoto wanapozaliwa, majina yao yote mawili yanaelekeza kwenye kifo na msiba, kana kwamba furaha haikuthubutu kujitaja waziwazi.

Anwani nayo inastahili kutazamwa. “Bwana” na “Bibi” ni maneno ya Kiswahili, ya enzi ya misheni na ofisi za serikali, yaliyowekwa mbele ya majina ya watu wanaodhaniwa kuishi kabla ya enzi hiyo. Aidha, mke hakuitwa mke wa fulani. Ametajwa kwa jina lake na kupewa heshima iliyo sawa na ya mumewe, jambo ambalo jamaa wa mume ndani ya kisa wasingelikubali. Kwa hiyo, kabla ya sentensi ya kwanza, mwandishi ameshaegemea upande mmoja. Wanaomchukulia kama mnukuu mtulivu wa desturi hawana budi kulieleza hilo.

Hata hivyo, mwandishi huyo aliye makini kwa kila chungu na kila jembe hasemi ni mwaka gani. Mfanyabiashara wa pwani, padri na askari wa Kijerumani hawana nafasi katika maisha ya wahusika wakuu. Ruhumbika, aliyetafsiri riwaya hii kwa Kiingereza kutoka katika Kikerewe mwaka 2002, alikipa kitabu anwani ndogo inayoiita hadithi ya jamii ya kale ya Kiafrika. Tafsiri yake ni huduma kubwa, lakini neno “kale” linapotosha. Mtu aliyezaliwa mwaka 1896 aliyapata maarifa yake kwa wazee walioishi chini ya Omukama Machunda na Omukama Lukonge. Kale hiyo ni ujana wa babu zake.

Na ujana huo haukuwa mtulivu. Hartwig, aliyekusanya masimulizi kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1960, anaonyesha jinsi Wakerewe walivyoingia katika biashara ya pembe za ndovu ya masafa marefu katika karne ya 19, jinsi watawala walivyotajirika kwayo, na jinsi utumwa na maradhi yaliyofuata njia za biashara yalivyobadilisha mahusiano ya watu. Stanley alipita kisiwani mwaka 1875. Desemba 1877, wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O’Neill, waliuawa huko pamoja na mfanyabiashara Songoro katika ugomvi na Lukonge. Yote haya yalitokea karibu kabisa na nyumba ambayo Kitereza ameizungushia ua.

Suala hili linakuwa zito zaidi katika mada ya ulozi. Katika riwaya, hofu ya ulozi imo katika maisha ya kila siku kama mvua na njaa, haina tarehe. Hartwig, katika kitabu chake na katika makala ya mwaka 1971, alidai kuwa hofu hiyo ilikua na kubadilika sambamba na biashara ya masafa marefu, wakati ukosefu wa usawa na magonjwa mapya yalipohitaji mtu wa kulaumiwa. Katika mikoa ya kusini mwa ziwa, ambako wanawake vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi hadi katika miaka ya karibuni, tofauti kati ya madai haya mawili si ya kitaaluma tu. Anayeamini kuwa hofu ni mila ya tangu na tangu ataishia kuivumilia au kuilaani kwa jumla. Anayeona kuwa ilikuzwa na mambo yanayotajika anaweza kuuliza ni mambo gani yanaikuza sasa.

Hartwig naye hatoshelezi. Watawala, misafara na bidhaa vimejaa, jiko halimo. Hakuna Bugonoka katika kurasa zake, ingawa mtafiti huyo alimfahamu Kitereza, na pamoja na Charlotte Hartwig alimwandikia makala mwaka 1972, wakati riwaya ilikuwa bado muswada. Zaidi ya hayo, kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza cha wanataaluma, na mwanafunzi wa Nansio anayetaka kujua habari za kisiwa chake atafikiwa na riwaya ya Kiswahili mapema zaidi.

Pengo hilo Ruhumbika mwenyewe amelisogelea kwa njia nyingine. Mwaka uleule wa 2002 alitoa riwaya yake *Janga Sugu la Wazawa*, ambamo imani ya uchawi inafuatwa hadi katika Tanzania ya leo na kuitwa kwa jina la ugonjwa usiopona upesi. Mfasiri aliyekiita kisiwa cha Kitereza cha kale ndiye aliyeiweka hofu yake katika wakati uliopo.