Bibi Rosetta na Gitaa Lake

Wazazi wengi wa parokia zetu wakisikia neno «rock» hukunja uso. Wasema ni muziki wa kelele, muziki wa vijana waliokataa malezi, na wengine huongeza kwamba ni muziki wa shetani. Hatutaki kugombana nao. Kelele zipo, na upuuzi upo mwingi. Lakini twapenda kuwauliza neno moja: je, mwajua muziki huo ulilelewa wapi? Kwa sehemu kubwa ulilelewa katika nyumba ya sala, mikononi mwa mwanamke aliyeanza kuimba mbele ya wakristu akiwa bado mtoto mdogo. Jina lake Rosetta Tharpe. Sisi tu wapenzi wake, twasema hivyo tangu mwanzo ili msomaji ajue. Hata hivyo mpenzi naye ana masikio, na yale tusiyoyapenda tutayataja pia.

Kwanza jina lake. Kwenye santuri imeandikwa «Sister Rosetta Tharpe», yaani Sista Rosetta. Msomaji asidhani kwamba alikuwa mtawa. Hakuweka nadhiri wala hakuvaa vazi la watawa; aliolewa, tena zaidi ya mara moja, na hilo «Tharpe» latokana na jina la mume wake wa kwanza, mhubiri Thomas Thorpe, ila herufi moja ilibadilika. Katika kanisa lake la Kipentekoste kila mwanamke huitwa dada na kila mwanamume huitwa ndugu. Jina hilo la kanisani likamfuata hata katika kumbi za dansi, na wako waliochukizwa sana kuliona huko.

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1915 huko Cotton Plant, mji mdogo wa jimbo la Arkansas, Marekani, katika nchi ya mashamba ya pamba. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mwimbaji na mhubiri, na alipiga mandolini. Walisali katika Kanisa la Mungu katika Kristu, lililoanzishwa na Askofu Charles Harrison Mason. Wakati ule makanisa mengi ya watu weusi wa Marekani yaliogopa gitaa, kwa sababu gitaa lilikuwa chombo cha vilabu vya pombe. Watu wa Mason hawakuogopa. Walisoma Zaburi ya 150, wakaona vyombo vya nyuzi na matoazi vimetajwa mle, basi wakaleta gitaa, matari na ngoma mpaka mbele ya mimbari. Rosetta alipofika umri wa miaka sita alikuwa amekwisha zoea kuimba na kupiga gitaa mbele ya watu. Mama akamchukua katika safari zake za kuhubiri, kisha wakakaa Chicago, mji mkubwa wa kaskazini ambako watu weusi wengi walikuwa wakihamia kutafuta kazi.

Sasa tuseme habari ya upigaji wake, maana wengi humsifu kwa ajili ya maisha yake na kusahau vidole vyake. Wapenzi wa gitaa wa Katanga, waliomsikia Jean-Bosco Mwenda, wataelewa upesi. Katika santuri zake za kwanza, kwa mfano «This Train» ya mwaka 1939, kidole gumba chashika mwendo kwenye nyuzi nene, na vidole vingine vyaimba juu yake, hata mtu hudhani kuna wapigaji wawili. Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo. Sikilizeni saa ile sauti yake inapomaliza mstari. Gitaa halinyamazi, wala halirudii tu aliyoyaimba. Linajibu. Ni kama litania: padri ataja, watu waitikia. Rosetta peke yake ndiye padri, na gitaa lake ndilo watu. Mara nyingine watu hao washangilia kabla padri hajamaliza, kama ilivyo desturi ya Wapentekoste. Na mara nyingine sauti yanyamaza kabisa, gitaa lasimama peke yake katikati ya wimbo na kuhubiri. Baadaye vijana wa rock walifanya hivyo hivyo, gitaa la umeme mbele, mwimbaji kando, na watu wakadhani wao ndio waliobuni.

Watu walipotaka kumsifu walisema: «Apiga gitaa kama mwanamume.» Sifa gani hiyo! Wanaume wengi wa siku zake wangeshukuru kama wangeweza kupiga kama yeye.

Mwaka 1938 alikuwa New York. Hapo ndipo shida ilipoanza. Tarehe 31 Oktoba alitoa nyimbo zake nne za kwanza kwa kampuni ya Decca, na muda ule ule akaimba katika Cotton Club, klabu ambamo weusi walicheza na kuimba, na wazungu wenye fedha walikaa mezani na kunywa. Mwezi wa Desemba akaimba katika ukumbi wa Carnegie, kwenye onyesho lililotaka kuwafundisha watu wa New York muziki wa watu weusi tangu nyimbo za sala hata dansi. Wakristu wenzake walikasirika. Wimbo wa Mungu waimbwa kati ya chupa za pombe? Wimbo mmoja ndio uliowaudhi hasa, «Rock Me». Ulikuwa wimbo wa kanisani uliotungwa na Thomas Dorsey, wa kumwomba Mungu amfiche mtu kifuani mwake. Lakini katika klabu, pamoja na ile sauti ya Rosetta yenye kicheko ndani yake, mtu aweza kuusikia kama maombi kwa mpenzi wa duniani.

Twasema nini sisi? Hasira yao hatuidharau. Mtu aliyelia machozi akiimba wimbo fulani kwenye mazishi ya mzazi wake hapendi kuusikia mahali pa ulevi. Hata sisi Wakatoliki twayajua mabishano ya namna hiyo. Missa Luba ilipoimbwa Kamina mara ya kwanza mwaka 1958, chini ya Padri Guido Haazen, ngoma zilizozoea sherehe za kijiji ziliingia katika Kyrie na Gloria, na leo parokia gani katika Kongo ingeweza kuishi bila ngoma? Ngoma ilitoka uwanjani ikaingia kanisani. Gitaa la Rosetta lilitoka kanisani likaenda uwanjani. Njia ni ile ile, miguu ndiyo iliyopishana.

Lakini hatuyasifu yote. Alipokuwa na bendi ya Lucky Millinder, alikuwa chini ya mkataba na aliimba alivyoambiwa. Mwaka 1942 walitoa «I Want a Tall Skinny Papa», wimbo wa mwanamke anayetaka bwana mrefu mwembamba. Si dhambi kubwa, ila ni kitu chepesi mno. Gitaa halina la kujibu kwa sababu sauti haikusema neno. Twaisikia mara moja, twairudisha santuri kwenye karatasi yake. Naye mwenyewe hakukaa sana na bendi hiyo: mwaka 1943 aliiacha na kurudia nyimbo za dini.

Mwaka uliofuata ndio mwaka wake. Mwezi wa Septemba 1944 aliimba «Strange Things Happening Every Day», pamoja na Sammy Price kwenye piano, mtu wa besi na mtu wa ngoma. Wimbo huo wahusu mambo ya ajabu yatokeayo kila siku, na ndani yake anawacheka kidogo wale watu wa kanisani wanaojitangaza watakatifu. Tusikie vizuri: hajibu kwa matusi, wala hajitetei. Acheka tu, na gitaa lacheka naye. Piano ya Price yaruka chini yake kama treni iliyochelewa. Mwaka 1945 santuri hiyo ilifika nafasi ya pili katika orodha ya gazeti la Billboard ya muziki wa weusi, jambo ambalo wimbo wa dini haukuwa umelipata. Wako wanaosema hiyo ndiyo santuri ya kwanza ya rock. Mabishano ya namna hiyo hayana mwisho, lakini Elvis Presley alikuwa na umri wa miaka kumi tu wakati ule.

Kisha alimpata Marie Knight, mwimbaji mwenye sauti nzito kuliko yake, wakasafiri pamoja. «Up Above My Head» yao ya mwaka 1947 ndiyo tunayoipenda kuliko zote za wawili. Mmoja arusha, mwingine adaka. Hapo litania imepata padri na watu kweli kweli. Nao hawakusafiri kwa raha. Katika majimbo ya kusini hoteli na migahawa ya wazungu iliwafungia weusi milango, na Rosetta alilala ndani ya basi lake.

Mwaka ule ule wa 1947, huko Macon, jimbo la Georgia, alimsikia kijana wa miaka kumi na minne akiimba nyimbo zake kabla onyesho halijaanza. Akamwita jukwaani aimbe mbele ya watu, kisha akampa fedha. Kijana huyo baadaye aliitwa Little Richard, mmoja wa wakubwa wa rock. Naye Johnny Cash, mzaliwa wa Arkansas kama Rosetta, alimtaja kati ya waimbaji aliowapenda tangu utoto.

Ndoa yake ya mwaka 1951 yatupa shida. Tarehe 3 Julai alifunga ndoa na Russell Morrison katika uwanja wa michezo wa Griffith huko Washington, mbele ya watu wapatao 25,000 waliolipa kiingilio, na baada ya viapo bibi harusi alichukua gitaa la umeme akiwa na nguo yake nyeupe. Waliosimulia maisha yake wanaeleza kwamba mkataba wa onyesho ulitiwa sahihi kabla bwana harusi hajapatikana. Sisi tunaoishika ndoa kuwa sakramenti hatuwezi kupiga makofi. Lakini lazima tuseme pia kwamba Morrison alikaa naye mpaka kufa kwake, na ndoa nyingi zilizofungwa kimya kimya hazikudumu hivyo.

Miaka iliyofuata vijana wazungu waliupata mwendo ule, wakaupata pia utajiri wake, na jina la Rosetta likafifia Marekani. Uingereza ndiyo iliyomkumbuka: mwaka 1957 alizunguka huko pamoja na bendi ya Chris Barber. Mwaka 1968 mama yake alikufa. Mwaka 1970 alipooza, na ugonjwa wa sukari ukamfanya akatwe mguu, lakini hakuacha kuimba. Alikufa Philadelphia tarehe 9 Oktoba 1973. Alizikwa katika kaburi lisilo na jiwe, wala jina, likakaa hivyo zaidi ya miaka thelathini, mpaka wapenzi wa muziki wake walipofanya onyesho mwaka 2008 kukusanya fedha za kumwekea jiwe. Na ile nyumba ya heshima ya rock huko Marekani, iitwayo Rock and Roll Hall of Fame, ilipoanza kuwapokea watu mwaka 1986 iliwaingiza wanaume watupu, Little Richard na Elvis Presley wakiwamo. Rosetta aliingizwa mwaka 2018. Miaka thelathini na miwili walimpita mlangoni! Hatujui kama ni kwa sababu ya wimbo wake wa dini, au kwa sababu alikuwa mwanamke, au kwa yote mawili, lakini jambo lenyewe latuuma.

Msomaji asiyemjua aanze wapi? Tungemwambia aache santuri kwanza, aitafute filamu moja ya mwaka 1964. Vijana wenye simu wataipata upesi. Televisheni ya Granada ilichukua kituo cha reli kilichofungwa cha Wilbraham Road, mjini Manchester, ikakipamba kiwe kama kituo cha kusini mwa Marekani. Wasikilizaji, vijana wa Kiingereza, walikaa upande mmoja wa reli, na wanamuziki upande wa pili. Ilikuwa mwezi wa Mei, na mvua ilikuwa imenyesha. Rosetta, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, afika kwa gari la farasi, amevaa koti zuri na viatu virefu. Asaidiwa kushuka. Avikwa gitaa jeupe la umeme. Atazama ile sakafu yenye maji, na wimbo anaouanza ni «Didn't It Rain», wimbo wa gharika ya Nuhu. Vijana wale hawakuja kusali, wala hawakufundishwa kuitikia. Wakaa na makoti yao, wamejikunja kwa baridi. Kisha sauti yanyamaza, gitaa lachukua neno, naye atembea nalo taratibu kwenye maji, na ng'ambo ya reli watu waanza kupiga makofi.