Nani Anakusubiri Stendi?

Kuna imani imeenea kati yetu tunaopenda kusoma na kuandika habari za safari: kwamba usafiri wa umma humfanya mwandishi awe mkweli. Aliyepanda ndege ameona mawingu. Aliyekaa siti ya nyuma ya basi, magoti yamekaribia kidevu na gunia la mtu limemkalia miguuni, huyo ndiye ameiona nchi. Imani hii siikubali. Basi kazi yake ni kukufikisha. Ukweli wa maandishi ya safari unategemea swali jingine: ukishuka, nani anakusubiri?

Chukua Dark Star Safari ya Paul Theroux, kitabu kilichotoka mwaka 2002. Mwaka 2001 Mmarekani huyu alitoka Cairo hadi Cape Town, sehemu kubwa ya njia kwa treni, mabasi, malori na meli. Hakuwa mgeni kabisa. Miaka ya 1960 alifundisha Malawi, kisha Makerere, na sasa alikuwa anarudi akiwa mtu wa miaka 60. Kwa hiyo ndani ya kitabu kimoja kuna safari mbili: ya kuteseka njiani, na ya kuwatafuta marafiki wa zamani.

Ile ya kwanza ameigeuza cheti. Akishapanda lori la ng'ombe kaskazini mwa Kenya, kwenye barabara yenye majambazi wa bunduki, anaona amepata haki ya kuihukumu nchi, na baadaye bara zima. Miji anaichukia waziwazi. Wafanyakazi wa misaada wanaompita na magari yao anawashambulia bila huruma, na hapo mara nyingi nacheka pamoja naye. Lakini watazame abiria wenzake. Katika kurasa nyingi wamekuwa sehemu ya joto na vumbi. Wamebanana naye saa nzima, ila hatujui wanakwenda kwa nani wala wamebeba nini kwenye yale mafurushi.

Kitabu kinabadilika anapofika mahali penye mtu wa kumjibu. Kampala anakutana na watu aliofahamiana nao Makerere. Mmoja, Apolo Nsibambi, wakati huo alikuwa Waziri Mkuu. Hawa hawawezi kufanywa mandhari. Wana miaka yao ambayo yeye hakuwepo, na wanajua alivyokuwa kijana. Kisha anavuka Ziwa Victoria kwa meli ya MV Umoja, kutoka Port Bell hadi Mwanza, na mabaharia wanampokea kama mgeni wao. Kwangu mimi hizo ni kati ya kurasa bora za kitabu. Hapo shida ya safari imepungua na hukumu nazo zimepungua. Mtu aliyekaribishwa huuliza maswali.

Niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Likizo iliyopita nilikwenda Kampala kumtembelea rafiki niliyesoma naye shahada ya kwanza Dar es Salaam. Nilikwenda kwa basi kwa sababu ya kawaida kabisa: pesa ya ndege sikuwa nayo. Namanga mnashuka wote, mnapita dirisha la Tanzania na la Kenya ndani ya jengo moja, kisha mnalitafuta basi lenu upande wa pili. Busia ni vivyo hivyo, ila na usingizi. Njiani daladala ilikuwa matatu, na Kampala matatu ikawa taksi.

Nikiwa peke yangu, najua ningeandika nini. Ningeandika kwamba Old Taxi Park ni vurugu, kwa sababu ndivyo huandika karibu kila anayepita: vibasi vyeupe vyenye miraba ya bluu vimejazana hadi huoni ardhi. Rafiki yangu alinisimamisha pale akanionyesha kwamba kila upande wa mji una safu yake, gari likijaa linatoka na la nyuma linasogea, na wapiga debe wanajuana kwa sura. Akanifundisha la kumwambia kondakta unapotaka kushuka: mu maaso awo, hapo mbele. Tulipanda mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala kuutazama mji na vilima vyake. Tulikwenda Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, ambako jengo kuu liliungua Machi 2010. Hayo yote kitabu cha watalii kinaweza kukuelekeza.

Kuna jambo moja kisingeweza. Kabla hatujafika nyumbani kwao, rafiki yangu aliniambia nimwamkie mama yake kwa Kiganda au hata kwa Kiingereza. Kwa watu wengi wa umri wake, alisema, Kiswahili ni sauti ya mwanajeshi kwenye kizuizi, miaka ya Amin. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipokubali Kiswahili kuwa lugha rasmi, sisi Dar tulishangilia. Ndani ya nyumba ile habari hiyo ilipokelewa kimya. Lugha ninayojivunia, na ninayoandikia hapa, mwenzangu anaijua kwa upande wa kitako cha bunduki. Nimekaa na Waganda kwenye mabasi saa nyingi na hakuna aliyenieleza hivyo. Mtu hamwambii abiria wa siti ya jirani. Humwambia mgeni wake.

Mama alinipokea kwa kulika ekkubo. Sisi humwambia msafiri pole. Waganda humpongeza kwa kuimaliza njia. Kisha akauliza nitaandika nini juu yao, akasema kitafsiriwe ili naye akisome. Tangu siku hiyo nasoma kila maandishi ya safari nikijiuliza kama mwenyeji angeweza kuyasikia yakisomwa akiwa amekaa pale pale sebuleni.

Binyavanga Wainaina alilijua swali hilo. Wengi wetu tunamkumbuka kwa How to Write About Africa, iliyotoka kwenye jarida la Granta mwaka 2005, ambamo anawacheka wageni wanaoandika juu yetu. Tumeisoma sana, na imetufundisha kumnyooshea kidole mzungu. Lakini haitusaidii pale mgeni anapokuwa ni Mtanzania aliyeko Kampala, au Mkenya aliyeko Dar. Mimi naipenda zaidi insha yake Discovering Home, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2002 baada ya kuchapishwa kwenye jarida la mtandaoni. Inatoka Cape Town, inapita Kenya na matatu zake, hadi Uganda kwa ndugu wa mama yake. Yule anayetazama naye anatazamwa: ndugu wana maoni juu yake, na kicheko mara nyingi kinamrudia yeye.

Na hili si jambo geni katika Kiswahili. Mwaka 1896 Selim bin Abakari alisafiri Urusi na Siberia akimfuata bwana wake Mjerumani, na habari zake zilichapishwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa Carl Velten. Njia hakuichagua yeye. Lakini anasimulia jinsi watu walivyomshangaa, watu ambao hawakuwahi kuona mtu mweusi, na hajifichi nyuma ya macho yake mwenyewe. Tunamwona akionwa. Theroux, pamoja na ujuzi wake wote, hatuachii nafasi hiyo mara nyingi.

Sasa angalia tunavyoandika sisi vijana. Nauli za kwenda Nairobi au Kigali si siri tena, na makala zimejaa. Kigali ni safi, Nairobi ni ya haraka, Kampala ni vurugu na chakula kingi. Zote zina picha ya dirisha la basi, kuthibitisha kwamba mwandishi alikuwepo. Karibu hakuna mwenyeji anayezungumza zaidi ya kutaja bei. Tumechukua jicho la Theroux tukaacha marafiki zake, kisha tunajisifu kwamba sisi ni Waafrika, kwa hiyo hatuwezi kukosea kama yeye.

Ninachodai ni kidogo. Makala ya safari iwe na angalau mtu mmoja anayemjua mwandishi kwa jina, anayeweza kumkatiza, na atakayeisoma. Kama hukuwa na mtu wa kumtembelea, kaa muda wa kutosha hadi mtu akuulize umetoka wapi, na umjibu. Ya mama wa Kampala nimeitafsiri kwa Kiingereza. Rafiki yangu anasema ameisoma mara mbili, na ana mawili matatu ya kuniambia.